Dua ya Kazi Ambayo Sikuwa Nayo

Shangazi yangu hakukubali kwamba mtu anaweza kukosa kazi. Kwa maoni yake, kijana aliyehitimu chuo na bado hajaajiriwa ana kazi moja kubwa, nayo ni kutafuta. Na kazi hiyo, kama zilivyo nyingine zote, ina saa ya kutoka, saa ya kurudi, na msimamizi. Msimamizi alikuwa yeye.

Nilifika kwake Muyeye, hapa Malindi, mwezi wa Januari, mara tu baada ya kumaliza stashahada yangu ya afya ya umma. Kwetu ni Kaloleni. Nilipokuwa shule ya msingi huko, kila masika madawati kadhaa darasani mwetu yalikuwa yakibaki matupu kwa sababu ya kuhara, na walimu walilizungumzia jambo hilo kama wanavyozungumzia mvua yenyewe, kitu cha kungojea kipite. Mimi sikuona kwa nini kingojewe. Niliamini, na ningali naamini, kwamba si haki mtoto augue kwa maji aliyotekewa na mama yake mzazi. Kwa hiyo majirani wa Muyeye waliponiuliza nimesomea nini, nilijibu kwa kirefu na kwa dhati, nikaanzia kisimani nikaishia chooni. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa umeshanipa jina: daktari wa vyoo.

Baba, ambaye ana duka la mbegu na vifaa vya shamba kule nyumbani, aliniruhusu kuondoka kwa sharti moja.

"Pasaka ikifika na hujapata, urudi ukae dukani," aliniambia. "Mimi nazeeka, na duka halijiendeshi."

Lilikuwa sharti la haki, nami nilimheshimu mno baba kiasi cha kutolipinga. Lakini nilijijua. Nikishakaa nyuma ya ile kaunta, na wateja wakishanizoea, sitatoka tena, na masika yatakuja na kupita nikiwa nauza mbegu za mahindi kwa wazazi wa watoto wanaougua. Nilikuwa na muda wa tangu Januari mpaka Pasaka kuhakikisha kwamba hilo halitokei.

Shangazi alishona sare za shule barazani kwake, na kutoka kwenye cherehani yake aliuona mtaa wote. Kanuni zake zilikuwa chache. Watoto wa shule wakishapita, mimi niwe nimeshaoga, shati limepigwa pasi ya makaa, viatu vimefutwa, nami nimo njiani. "Sitaki kumwona mtu mzima amefunga kikoi saa ya kazi," alisema. Kila siku nibishe mlango mmoja mpya na mlango mmoja wa zamani. Jioni, huku nikimsaidia kupachika vifungo, nilitoa taarifa.

"Haya, baba, leo?"

"Nimekwenda tena ile ofisi ya maji. Mlinzi amesema mkubwa hayupo."

"Na juzi?"

"Juzi pia hakuwepo."

"Basi usichoke. Mtu hawezi kutokuwepo siku zote. Mwisho watamtafuta mwingine, na huyo mwingine akija atakukuta umeshakaa pale."

Mlango mpya haukunitisha. Ulionitesa ni ule wa zamani, yaani mahali ambapo nilikuwa nimeshakataliwa. Nilimweleza kwamba kurudi huko kutanifanya nionekane ombaomba, na kwamba mtu aliyesoma ana heshima yake ya kulinda. Alikata uzi kwa meno kabla ya kunijibu.

"Nani amekutuma ukaombe? Nimesema uwapitie. Uwajulie hali. Yule karani uliyesema ana mafua, umuulize kama amepona, kisha uende zako."

"Nimuulize mafua tu?"

"Wewe si daktari?"

"Wa vyoo, shangazi."

"Basi muulize na choo."

Nilikwenda kwa shingo upande. Karani huyo alikuwa mama wa makamo katika ofisi ndogo ya mradi wa maji upande wa Gede, na siku ya kwanza alikuwa ameniambia waziwazi kwamba hapana nafasi wala dalili ya nafasi. Aliponiona tena mlangoni alivua miwani.

"Wewe tena."

"Mimi tena, mama. Shikamoo. Nimepita tu kuwajulia hali. Mafua yamepoa?"

"Marahaba. Yamepoa. Na nafasi bado hakuna."

"Sikuuliza nafasi."

Alinitazama kwa muda, kisha akacheka kicheko kifupi cha puani, akarudi kwenye karatasi zake. Niliondoka nikiwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiwapitia watu kila upande: Gede, Watamu, Kilifi mjini, hata ofisi ambayo mlinzi wake alikuwa akifungua lango kabla sijasema neno na kunipa kiti chake huku akinikumbusha kwamba mkubwa hayupo.

Hapa sina budi kueleza desturi moja ya pwani yetu, kwa sababu bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Kwetu, tangu vijiji vya ndani hadi visiwani, neema mpya haitangazwi. Mimba, kiwanja, safari ya ng'ambo, kazi, vyote hunyamaziwa mpaka vishike, kwa kuhofia kijicho. Mtu aliyepata kazi akiulizwa kama amepata, husema hajapata, na muulizaji mwenye adabu humwelewa na kumwacha. Mimi nililelewa ndani ya desturi hiyo hiyo, na bado haikunijia hata siku moja kufikiri kwamba itanigeukia.

Ng'ambo ya njia alikaa bibi mmoja mwenye asili ya Lamu, aliyeuza kaimati na viazi vya karai, na ambaye neno lake mtaani lilikuwa kama muhuri. Kila asubuhi nilipita mbele ya karai lake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huko wendapo, kazi umepata?"

"Bado, bibi. Sijapata."

Alinitazama viatu. Alinitazama kola ya shati. Akageuza kaimati zake taratibu, kisha akashusha sauti.

"Vyema. Usimwambie mtu."

"Lakini bibi, kweli sijapata."

"Hivyo hivyo. Uzidi kusema hivyo hivyo."

Nilidhani ananitia moyo. Fundi wa baiskeli aliyekaa pembeni mwa njia alinitia moyo pia, kwa namna yake.

"Daktari wa vyoo! Mshahara ukitoka utukumbuke."

"Mshahara gani, kaka, nami sina kazi?"

"Sawa," akasema, akinikonyeza. "Huna."

Na kwa kuwa sikupenda kusema uongo hata mdogo, nilizidi kuwaambia ukweli wote walioniuliza, kwa uso mkunjufu, shati likiwa limenyooka. Na kila nilipowaambia ukweli walizidi kuniamini kinyume chake.

Ijumaa moja, wiki moja kabla ya Ijumaa Kuu, niliitwa Kilifi. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimefanya usaili huko kwa nafasi ya afisa msaidizi katika mradi wa usafi mashuleni. Usaili ulikwenda vizuri mno. Nilijibu maswali yote, na mmoja wa wasaili aliniuliza swali la ziada kuhusu mashimo ya vyoo katika ardhi ya mchanga kwa sababu tu alipenda kunisikiliza. Kwa hiyo nilikwenda Ijumaa ile nikiwa nimeshaanza kufikiria nitaishi upande gani wa daraja la Kilifi.

Dada aliyenipokea alikuwa mpole. Aliniambia kwamba wamempa mtu mwingine.

"Ulifanya vizuri sana," alisema. "Kilichokosekana ni uzoefu."

"Na uzoefu hupatikana wapi, dada?"

"Kazini," akajibu.

Nadhani naye alilisikia jibu lake baada ya kulitoa, kwani alinishindikiza mpaka langoni, jambo ambalo hakulazimika kulifanya.

Nilirudi Malindi nikiwa nimekwisha kukata shauri. Nilimwandikia baba ujumbe kwenye simu kwamba nitarudi Pasaka na nitakaa dukani. Sikuutuma. Nilitaka kwanza nimwambie shangazi uso kwa uso, kwa sababu aliyenisimamia kwa bidii ile hakustahili kusikia habari hiyo kutoka Kaloleni.

Nilipokunja kona ya nyumbani nikaona viatu. Ndara, makubadhi, viatu vya kanisani, vyote vimejaa mbele ya baraza. Cherehani ilikuwa imesogezwa ukutani na mikeka imetandikwa. Udi ulikuwa unafuka, na nyuma yake harufu ya iliki na mkate wa kumimina. Wanaume walikaa upande mmoja, na mwalimu wa madrasa akiwa katikati yao. Wanawake upande wa pili, wake wa majirani na leso zao, na wenzake shangazi wa kwaya na vitambaa vyao vyeupe kichwani. Nilidhani kuna msiba.

Shangazi alinivuta pembeni ya mlango.

"Usinitazame mimi," alininong'oneza. "Nilikwenda sokoni kununua zipu. Narudi, mtaa umehamia kwangu."

"Kuna nini?"

Kabla hajajibu, bibi wa kaimati aliniita na kunionyesha mahali pa kukaa, mbele kabisa, karibu na chetezo.

"Kaa, mwanangu. Umeficha vya kutosha, na umeficha kwa adabu, twakushukuru. Sasa mwezi umepita na zaidi, kazi imeshika. Leo twakusomea dua ya shukrani na ya kukukinga. Kazi mpya haiachwi uchi."

Watu wakaitikia kwa kuridhika. Mtu akaniwekea mto nyuma ya mgongo.

Ningeweza kukaa kimya. Chakula kilikuwa kimepikwa, nyuso zilikuwa zina furaha, na siku chache baadaye ningekuwa nimeshaondoka Muyeye, nikiwaacha na picha yao nzuri ya kijana aliyeajiriwa. Lakini wangekuwa wanamshukuru Mungu kwa uongo, nami nimeketi katikati ya uongo huo nikiegemea mto. Nikasimama.

"Wazee wangu, mama zangu, nisameheni. Sina kazi."

Kutoka upande wa wanaume ikaja sauti ya fundi wa baiskeli, tulivu kabisa:

"Sawa. Huna."

Baraza zima likacheka.

"Mwanangu," mwalimu wa madrasa alisema kwa upole, "hapa uko kwenu. Hakuna wa kukuhusudu."

"Mwalimu, siogopi husuda. Ni kweli sina."

"Sasa asubuhi zote hizo waenda wapi?" aliuliza mama mmoja wa kwaya.

"Natafuta."

"Kwa shati la pasi?"

"Ni kanuni ya shangazi."

Macho yote yakamgeukia shangazi. Aliinua mkono wake wa kulia. "Haki ya Mungu, huyu mtoto hana kazi."

"Nawe ni shangazi yake," bibi akamwambia. "Watarajia tukuamini?"

Nilitambua kwamba ukweli wangu ulihitaji ushahidi, na ushahidi pekee niliokuwa nao ni safari zangu. Basi nikawasimulia. Niliwaeleza habari za mkubwa asiyekuwepo, na mlinzi ambaye sasa hunipa kiti na kuniuliza habari za nyumbani kana kwamba mkubwa ni mimi. Niliwaeleza habari za hoteli moja ya Watamu, nilikoomba kazi ya kusimamia usafi wa jikoni, wakaniuliza kama najua Kiitaliano, nikawajibu kwamba mende sidhani kama nao wanakijua. Nilisimulia usaili wa simu ya video ambao mtandao ulikatika niliposema "jambo kubwa kuliko yote ni", na mpaka leo wale watu hawajui jambo hilo ni lipi.

"Lilikuwa lipi?" aliuliza fundi.

"Kunawa mikono."

"Bora hawakusikia. Walitarajia kitu kikubwa."

Niliwasimulia mafua ya yule mama wa Gede. Na mwisho nikawasimulia Kilifi ya asubuhi ile, na dada mpole, na swali langu, na jibu lake.

"Kazini?" bibi akasema.

"Kazini, bibi."

"Uzoefu wa kazi, kaupate kazini, na kazi hawakupi."

"Ndivyo."

Alianza kucheka polepole, mabega kwanza, kisha akajifuta machozi kwa ncha ya leso, na kicheko chake kikawafungulia wengine wote. Nami nilicheka. Na hapo, nikiwa nimesimama mbele ya watu wale, nilijisikia nikiongea, na sauti ile haikuwa ya mtu aliyemaliza. Mtu aliyemaliza hawezi kukumbuka kila mlango kwa undani namna ile, wala hawezi kuwa na hamu ya kujua kama kesho mkubwa atakuwepo. Nilikuwa nimefedheheka asubuhi kwa kukataliwa mara moja. Alasiri nilikutandaza kukataliwa kwangu kote mbele ya watu, na hapakuwa na fedheha yoyote.

Bibi aliponyamaza alinikazia macho.

"Kwa hivyo kweli huna."

"Sina, bibi."

"Hata kibarua cha kushikizwa."

"Hata hiyo."

"Mbona hukutwambia?"

"Nilikwambia kila asubuhi."

"Ulisema," alikiri. "Lakini ulisema kwa uso wa mtu aliyepata." Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, twamshukuru Mungu kwa kitu ambacho bado hajakitoa. Tufanyeje?"

Mwalimu alifikiri kwa uzito uleule ambao angelifikiria nao jambo la sheria. Akasema shukrani iwekwe kando, isomwe dua ya kuomba. Na chakula kilichopikwa kwa nia njema hakiharibiki kwa kubadilishwa nia. Alisoma, watu wakaitikia amina. Baada yake mama mmoja wa kwaya akaomba kwa njia ya kanisa, kwa maneno mengi, akataja ofisi zote nilizozisimulia moja baada ya nyingine, na alipofika kwa mkubwa asiyekuwepo alimwombea arudi salama popote alipo. Hata mwalimu aliuma mdomo asicheke.

"Na akipata, tutakula tena?" fundi aliuliza mikono ilipokuwa inanawishwa.

"Tutakula," bibi akamjibu, "na wewe utakuja na sukari."

Watu walipokuwa wanakula, nilikwenda nyuma ya nyumba nikaufuta ule ujumbe, nikampigia baba. Nilimwambia kwamba Pasaka nitakuja kula nao lakini sitabaki.

"Umepata?"

"Hapana, baba. Leo nimekosa nyingine, Kilifi."

Nadhani alisikia vyombo na sauti za watu.

"Hiyo ni sherehe gani huko?"

"Wananiombea."

"Nani?"

"Mtaa."

"Waislamu ama watu wa kanisani?"

"Wote."

Alivuta pumzi. "Mimi na mama yako tumekuombea tangu Januari. Kumbe tulikuwa wachache." Kisha akarudi kwenye lile jambo letu, kwa sauti yake ya dukani. "Unataka mpaka lini?"

"Sijui, baba. Sitaki kukutajia tarehe ya kukudanganya."

"Sikiliza basi. Siwezi kuliacha duka likikungoja na wewe huna tarehe. Nitamweka binamu yako. Na nikimweka sitamwondoa. Naye ana maisha yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Maana yake huna pa kurudi."

"Najua, baba."

"Sawa," akasema. "Pasaka uje mapema. Mama yako atataka kukuona kabla ya ibada." Nilipokwenda nyumbani kwa Pasaka, binamu yangu alikuwa ameshakaa nyuma ya kaunta, amejifunga aproni, na alinipimia mbegu za mchicha za shangazi kwa ukarimu usio wa kibiashara.

Jumanne iliyofuata Pasaka nilitoka kama kawaida. Kilichobadilika ni kwamba sasa nilikuwa na wasimamizi wengi. Fundi aliniuliza mlango wa leo ni upi na kunieleza jinsi angeukabili yeye. Bibi alinifungia kaimati kwenye gazeti nimpelekee mlinzi wa ile ofisi ya maji, na mama wa kwaya alinisimamisha sokoni kuuliza kama mkubwa amerudi.

Masika yalikuwa yameshaanza aliponipigia simu yule karani wa Gede. Kijana waliyekuwa wamemwajiri kwa kazi za vijijini alikuwa amehamia Nairobi, visima vilikuwa vinafurika, na hawakuwa na wiki za kutangaza nafasi na kungoja. Ilikuwa kazi ya mkataba wa muda mfupi, tena ya kutembea kwa miguu kwenye matope.

"Nimewaambia namjua mmoja ambaye hachoki," alisema. "Usiniaibishe."

Siku ya kwanza nilipelekwa kisima kimoja ndani ndani, mbali na barabara kuu, nikiwa na dawa ya maji kwenye mkoba na viatu vyangu vya usaili miguuni kwa kuwa sikuwa na vingine. Mama mmoja kijana alikuwa amekwisha kujaza ndoo yake na anatazama nani wa kumsaidia. Nilimsalimu, nikamwambia kwamba nimetumwa na mradi wa maji kupima kisima, na kwamba ningependa kuzungumza naye kuhusu maji wanayokunywa watoto wake.

Alisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja kiunoni.

"Nitwishe kwanza," akasema. "Utanieleza tukienda."

Nikamtwisha, tukaenda.